Mshale wa boila ukishuka, msikimbilie kuilaumu boila

Jumanne asubuhi naingia kuoga, maji yanatoka ya baridi ya kukata mifupa. Natoka na taulo mpaka jikoni kuangalia boila, kioo kinawakawaka alama ya kugoma na mshale wa geji umelala kwenye 0.4. Mara ya tatu ndani ya wiki mbili! Na Jumapili tu nilikuwa nimejaza mwenyewe mpaka 1.3 nikajipongeza kabisa.

Najua kuna mtu hapo tayari ameshaguna, "huyu naye na boila yake, kafika Uingereza juzi ameshaanza." Subiri kaka, sijaja kuringa. Mtu anayeringa hasimulii alivyotetemeka na taulo jikoni.

Kwa ambaye hajawahi kuishi na hili dude, boila nyingi za huku zina maji ya njia mbili ambayo hayakutani. Kuna yanayozunguka, yanatoka kwenye boila yanaenda kwenye marejeta ya ukutani, yanapasha vyumba, yanarudi, ni yaleyale mwaka mzima, yamefungiwa humo hayana pa kwenda. Halafu kuna ya bombani, hayo yanapita tu kupata moto yakielekea bafuni. Mshale unasoma presha ya yale yaliyofungiwa. Yakiwa baridi inatakiwa 1 mpaka 1.5 bar, ndo kipimo cha presha, yakipata moto unapanda kuelekea 2, yakipoa unarudi ulipokuwa. Ukishuka sana boila inagoma, inalinda roho yake. Sasa maji yaliyofungiwa yakipungua kila siku maana yake kuna mahali yanatoka, na mahali penyewe ni wapi ndo kesi iliyonikalisha macho wiki nzima.

Nikapiga simu kwa fundi mmoja. Hajaja, hajaona, hajashika chochote, anauliza boila ina umri gani, namwambia miaka 12, anajibu "itakuwa imechoka hiyo, fikiria kuweka mpya." Nilicheka peke yangu maana ile sauti naijua! Ni ileile ya fundi wa nyumbani anayesimama mita tatu kutoka kwenye pampu, mikono mfukoni, anakwambia "hii imekufa bosi, tafuta nyingine." Kumbe ufundi wa kukisia hauna nchi.

Ila tofauti ipo, na ndo inayonikera na kunifurahisha kwa pamoja. Nyumbani maji yakivuja yanajisema yenyewe. Bomba liko nje ya ukuta, unaliona linalia, udongo umelowa, majani yameota sehemu ambayo hakuna aliyepanda, na ukichelewa jirani anakuita kabla hujaamka. Huku yanajificha. Bomba limepita chini ya mbao, juu ya mbao kuna kapeti, juu ya kapeti kuna kitanda, na kwa vile bomba lenyewe ni la moto tone likitoka linakauka palepale. Halafu kinachowadanganya wengi ni kudhani lazima uone dimbwi. Hapana, mfumo umefungwa, zikitoka lita moja au mbili tu mshale umeshaanguka. Lita mbili ndani ya siku tatu, kwenye nyumba nzima, utaziona wapi?

Sasa hapa niruhusuni nijisifu kidogo. Sisi tuliokulia kwenye nyumba za mgao tuna sikio la maji. Saa nane usiku bomba likikohoa nyumba nzima iko macho, ndoo ziko foleni, hakuna aliyewekewa alamu. Tunajua koki kuu iko wapi hata kwenye nyumba ya kupanga tuliyohamia jana. Nilimuuliza jirani yangu wa huku, mtu mzima, kaishi kwenye nyumba yake zaidi ya miaka kumi, koki ya kufungia maji ya nyumba nzima iko wapi. Akatazama dari. Nikafungua kabati chini ya sinki lake la jikoni, ile pale. Alinishukuru kama nimemtolea jini.

Basi nikasema hii kesi naisikiliza mwenyewe. Kwanza mita. Nikafunga kila kitu, choo kikajaa kikanyamaza, nikaenda kuinamia mita na tochi. Mnakijua kile kigurudumu kidogo katikati, kinachozunguka kwa upepo kabla maji hayajafika na bili inapanda? Chenyewe. Nikakikodolea macho, kimetulia, narudi baada ya saa nzima tarakimu zilezile. Hapo bomba linaloingia nyumbani limetoka kwenye orodha, na choo pia. Kingekuwa kinazunguka, ningejua kuna tobo jingine upande wa bombani, ila hilo lenyewe halishushi mshale wa boila. Ila sharti uwe umehakikisha kile kipaipu cha kujazia boila kimefungwa kabisa, maana kikiachwa wazi kidogo maji ya bombani yanaingia taratibu kufidia yanayotoka, mshale hauteremki, unabaki unajiona una nyumba isiyo na shida kumbe una tobo.

Pili, nje ukutani kuna kabomba ka shaba kametokeza kameangalia chini. Hako ni ka usalama, presha ikifika 3 bar vali inafunguka na kumwaga nje. Vali ikichoka inadondosha kidogokidogo bila kukuaga. Nikakavalisha mfuko wa plastiki, nikafunga na raba. Asubuhi mfuko mkavu. Na mshale wangu nilishauangalia ukiwa na moto, unaishia 1.6. Hiyo ina maana yake, kwa sababu ndani ya boila kuna kopo lenye hewa upande mmoja na maji upande mwingine, katikati ukuta wa mpira, kazi yake kuyapa maji nafasi ya kutanuka. Hewa ikiisha humo mshale unaruka kama chizi, moto unagonga 3, ukizima unashuka karibu na sifuri. Wangu hauruki. Unashuka tu, kwa upole, kama mtu anayeondoka kwenye kikao bila kuaga.

Kilichobaki ndo kile ambacho fundi wa simu alitakiwa aniambie badala ya kunihesabia miaka ya boila. Nikazima boila ikapoa kabisa, nikafunga vali mbili chini yake, ya maji yanayokwenda kwenye marejeta na ya yanayorudi. Hapo umeshawatenganisha, boila kivyake na mabomba ya nyumba kivyake. Mshale ulikuwa 1.2, nikaandika kwenye karatasi nikabandika palepale maana kumbukumbu ya saa tano usiku siiamini. Tukalala na blanketi tatu.

Asubuhi, 1.2. Haujasogea hata unywele. Nikashika bisibisi nikafungua vali ya kwanza taratibu, na mshale ukaporomoka mbele ya macho yangu, 1.1, 0.9, ukatua 0.6, kama mtu aliyezimia. Yaani boila ilishika presha yake usiku kucha peke yake, mabomba ndo yamepoteza, nilipowakutanisha wakagawana umaskini. Kesi imekwisha, boila imesingiziwa! Ingekuwa mshale umeshuka vali zikiwa zimefungwa, basi tatizo liko ndani ya boila na hapo ningenyamaza nimwite mwenye kazi yake. Mfuniko wa boila sikuugusa, hilo mniamini, kazi ya gesi huku kisheria ni ya aliyesajiliwa Gas Safe, lile daftari rasmi la mafundi wa gesi, na anatembea na kadi, muombe akuonyeshe kabla hajafungua boksi la spana. Na hapo sina utani wowote, gesi sio koki.

Nikachukua tishu nikaanza kuzunguka rejeta moja baada ya nyingine nikiwa nimepiga magoti, kila nati, kila kishina cha vali. Na nilifanya asubuhi hiyohiyo kabla sijawasha, kwa sababu chuma kikipata moto kinatanuka na tobo dogo linajibana, ukikagua jioni na moto unakuta kila kitu kikavu. Rejeta la mwisho, chumba cha nyuma, nyuma ya kabati la nguo. Kwenye kiungo kuna ukoko wa kijani kama kutu ya sarafu. Tishu ikalowa kona. Nikainua kapeti, ubao umekuwa mweusi saizi ya sahani. Akaja fundi mwingine, kijana mpole, akabadilisha vali, nusu saa, kanywa maji kaondoka.

Sasa nasikia upande mwingine, "sisi maji yenyewe hayatoki, wewe unatuletea habari za mshale." Dada yangu, ndo kinachoniuma hichohicho! Sisi wenye sikio la kusikia bomba likikohoa usingizini, ndo haohao tunaokaa na koki inayodondosha mwaka mzima, tumeikingia ndoo, na ndoo imeshakuwa sehemu ya familia. Tone likidondoka usiku tunasema "hiyo koki hiyo" tunageuka upande wa pili. Tunajua kusaka maji, kuyatunza yakishafika hapana.

Na wala msiniambie nawasifia Wazungu. Wengi wa huku wanafanya ndoo yao pia, ila ya kistaarabu. Mshale ukishuka wanajaza, ukishuka wanajaza, baridi nzima, na kila ukijaza unaingiza maji mapya yenye hewa, hewa inakula marejeta kwa ndani, mwisho linabaki tope jeusi na rejeta likipata moto juu linakuwa baridi chini. Hapo ndo boila inaharibika kweli na yule fundi wa simu anakuwa nabii. Na mimi nilijaza mara mbili kabla sijapata akili, kwa hiyo sijitoi.

"Sasa si urudi uje utufundishe?" Nimejaribu kwa mbali. Bili ya maji ya mama inapanda kila mwezi na kila mtu nyumbani ana nadharia yake, mmoja anasema msoma mita anakisia, mwingine mpangaji wa uani anafua sana. Juzi nikampigia mdogo wangu, nikamweleza polepole kama nilivyoeleza hapa, usiku wakishalala wote funga koki zote, piga picha ya mita, piga nyingine alfajiri kabla mtu hajagusa bomba, nitumie. Nilimkazia asisahau choo. Akasema sawa kaka, nimekuelewa.

Leo asubuhi geji yangu inasoma 1.3, siku ya tisa haijatikisika, nikamuandikia kwa furaha, picha ziko wapi? Akajibu: "Kaka, nimefunga koki zote kama ulivyosema. Ila maji yamekatika tangu ile siku uliyopiga."