Warudishe mpira wa kikapu wa asili? Upi huo?

Juzi nilitazama mechi na jamaa ambaye kila mchezaji akiukusanya mpira, yeye anapiga kelele: "Hatua! Hatua hiyo!", yaani katembea na mpira mkononi bila kuudunda. Kufika robo ya tatu alishaachana na hatua, anailaani ligi nzima. Kanuni zimechezewa, warudishe mpira wa asili.

Asili ipi, kaka? James Naismith alipobandika kanuni zake 13 ukutani kule Springfield mwaka 1891, mwenye mpira hakuruhusiwa hata kukimbia nao. Kudunda hakukuwemo. Unadaka, unasimama palepale, unapasia. Ndio mnautaka?

Au tusiende mbali hivyo. Tarehe 22 Novemba 1950, Fort Wayne Pistons walikuwa ugenini kwa Minneapolis Lakers, na Lakers wana George Mikan, jitu lisiloshikika. Wageni wakaona dawa yake ni kumnyima mpira. Mtu anasimama kaukumbatia kama kichanga, dakika zinayoyoma, watazamaji wanazomea, na hakuna kanuni ya kumlazimisha arushe. Wageni wakashinda 19 kwa 18. Robo ya mwisho, timu zote mbili kwa pamoja zilipata pointi nne. Nne! Na watu walilipa kiingilio.

Aliyetuokoa ni Danny Biasone, mwenye Syracuse Nationals. Aliona mechi tamu huwa na mirusho kama 120, akagawanya sekunde 2,880 za mechi nzima kwa hiyo 120, akapata 24: timu ikishika mpira ina sekunde 24 za kurusha kikapuni. Basi! NBA, ligi kuu ya Marekani, ikaanza kuitumia saa hiyo mwaka 1954, wastani wa pointi za timu ukaruka kutoka 79 hadi 93 ndani ya msimu mmoja. Ubingwa akabeba nani? Syracuse haohao. Wacha wale, walilima.

Vyuo vya Marekani navyo vilipiga marufuku kudanki, yaani kuruka na kuusindilia mpira kikapuni kwa mkono, kuanzia 1967 hadi 1976. Upuuzi, tuendelee.

Haya, pointi tatu, zile za kurusha kutoka mbali nyuma ya mstari. NBA iliziingiza mwaka 1979, na leo hata mtu wa futi saba anajibanza kwenye kona ya uwanja akisubiri kurusha. Hapo jamaa ana hoja, na inaniuma kuiandika.

Kabla ya robo ya nne nikamweleza taratibu: ukidaka mpira huku unakimbia, mguu ulio chini wakati huo hauhesabiwi kuwa hatua, FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, wenyewe waliliandika mwaka 2017. Akatikisa kichwa kama kaelewa. Mchezo ukaanza, mpira ukapasiwa mara moja tu.

"Hatua!"