Madrasa ya Sultani Hasan mjini Cairo: Chuo cha Elimu au Fahari ya Mtawala?

Jengo linaloitwa Madrasa ya Sultani Hasan, lililoanza kujengwa mwaka 1356 chini ya ngome ya Cairo, huzua ubishi kila linapotajwa. Wako wanaoliona kuwa kilele cha elimu ya Kiislamu ya zama za Wamamluki, watawala wa Misri wenye asili ya askari watumwa. Wengine husema kwamba elimu ilikuwa kisingizio tu, na kwamba sultani alijijengea kaburi na kuwaonyesha maamiri wake, yaani makamanda wa jeshi, ukubwa ambao hakuwa nao katika utawala.

Hoja ya hao wa pili ina uzito. Hasan alitawazwa mwaka 1347 akiwa mtoto wa miaka 12 hivi, akaondolewa mwaka 1351, akarudishwa mwaka 1354, na muda wote huo alikuwa akivutana na maamiri waliotaka atawale kwa jina tu. Mwaka uliofuata kutawazwa kwake, tauni ikaenea Misri na kuua watu wengi mno. Mali za waliokufa bila warithi zikaishia katika hazina ya dola, na wanahistoria wengi wanaona kwamba fedha hizo ndizo zilizowezesha ujenzi. Mwanahistoria al-Maqrizi anasimulia kwamba sultani mwenyewe alikiri kuwa angeliacha jengo hilo kwa jinsi lilivyokuwa likimeza fedha, isipokuwa alichelea watu wasije wakasema kwamba mfalme wa Misri ameshindwa kumaliza alichokianza. Maneno hayo hayamhusu mwanafunzi hata kidogo.

Ramani ya jengo nayo inaelekea upande huohuo. Lango lina kimo cha mita 38 hivi, na limepindishwa kidogo kutoka kwenye mstari wa ukuta ili lionekane vyema kutoka ngomeni. Kaburi limewekwa nyuma ya ukuta wa kibla, mahali ambapo ni nadra kuliona, kiasi kwamba wanaoswali katika iwani kuu, yaani ukumbi mkubwa ulioezekwa kwa tao na kuachwa wazi upande wa uani, huwa wameuelekea pia ukumbi alioutayarisha mwanzilishi kwa ajili ya maziko yake. Kwa mtu aliyelelewa katika fiqhi, jambo hilo halipiti bila kuulizwa.

Hata hivyo, anayeishia langoni hajaliona jengo lote. Njia ya kuingilia ina giza na inakata kona hadi kwenye ua mpana uliozungukwa na iwani nne. Katika pembe kati ya iwani hizo ndimo zilimofichwa madrasa nne, moja kwa kila madhehebu ya Kisuni: Hanafi, Maliki, Hanbali na Shafii, hii ya mwisho ikiwa ndiyo iliyoenea pwani yetu ya Afrika Mashariki. Kila madrasa ina ua wake, iwani yake ya darasa, na vyumba vya wanafunzi vilivyopandishwa ghorofa juu ya ghorofa. Msanifu aliyetaka fahari peke yake asingehangaika namna hiyo na makazi ya watu ambao mgeni wa sultani asingewaona.

Mpango wa kuweka madhehebu yote manne chini ya paa moja haukuwa mpya, kwani al-Mustansiriya ya Baghdad iliufuata tangu mwaka 1234. Wanafunzi wa madrasa za namna hii walikuwa watu wazima wa fiqhi, waliopata posho na malazi kutokana na wakfu. Ijaza, yaani idhini ya kufundisha, aliitoa mwalimu kwa jina lake mwenyewe, wala si madrasa. Kwa hiyo thamani ya chuo ilitegemea zaidi uwezo wa wakfu wake wa kuwaweka walimu wazuri kuliko urefu wa kuta zake.

Mwanahistoria Ibn Khaldun, aliyefika Cairo miaka ya 1380 na kufundisha huko, aliliona jambo hili bila kulipamba. Anaeleza kwamba maamiri walihofia mali zao kunyang'anywa na watawala, wakazifunga katika wakfu za madrasa na kuwatengea watoto wao fungu ndani yake. Matokeo yake wanafunzi na walimu wakaongezeka, na elimu ikastawi Cairo. Maelezo hayo nayaona ya haki kuliko hoja zote mbili zinazoshindana, kwa sababu yanakubali kwamba nia ilikuwa na doa na bado manufaa yalipatikana. Anayekanusha elimu kwa sababu ya tamaa ya mwanzilishi ana deni la kueleza vyumba vile vya pembeni vilijengewa nani.

Lawama ninayoiona nzito zaidi inahusu ukubwa na mahali. Mnara mmoja wa juu ya lango ulianguka mwaka 1361 na kuua watu wapatao 300, wakiwamo mayatima waliokuwa wakisoma katika chuo cha Kurani kilichokuwa hapo. Haikupita hata miezi miwili, Hasan akauawa, na mwili wake haukuonekana. Ukumbi wa kaburi ukabaki bila yeye. Kisha jengo refu lililoitazama ngome likawa silaha: waasi walipanda juu ya paa na kuishambulia ngome, hadi Sultani Barquq akaamuru ngazi za kupandia zivunjwe. Sultani al-Muayyad Shaykh naye akauchukua mlango wa shaba wa madrasa na kuupeleka kwenye msikiti wake karibu na Bab Zuwayla, lango la kale la Cairo. Mwaka 1500 Sultani Janbalat alijaribu kuibomoa kabisa madrasa ya Hasan, akaacha baada ya siku chache kwa sababu kuta zilikuwa imara mno. Madrasa ndogo za mitaani za wakati huohuo hazikupatwa na misukosuko ya namna hii, kwa kuwa hakuna mtawala aliyekuwa na sababu ya kuziogopa.