Karanga za ukurasa wa tano

Jamani naomba nitoe hili la moyoni kabla sijapasuka. Mimi nauza karanga pale Sabasaba, Dodoma, na tangu 2019 walipopiga marufuku mifuko ya plastiki, gazeti ndio limekuwa mwenzangu kazini, namsokotea mteja karanga zake anaenda. Nalijua gazeti kuliko mhariri. Nikilishika tu najua hili limekonda, hili lina matangazo ya minada ya benki, hili la michezo halifai linachuja wino mteja anaondoka na sura ya straika kwenye kiganja.

Sasa magazeti ya zamani yamekuwa adimu. Maofisini wanasoma kwenye simu, na simu huwezi kufungia karanga. Kilo imepanda bei utadhani imeandikwa na malaika. Mzee wa magazeti pale kona, meza yake siku hizi nusu ni vocha na chaja, magazeti yamebanwa pembeni kama abiria wa daladala. Asubuhi watu wanajaa kweli, ila wanasoma vichwa vya habari wamesimama, mikono nyuma kama wakaguzi, kichwa kinaenda kulia kinarudi kushoto, wakimaliza wanamwambia mzee "haya, siku njema". Buku hawatoi ng'o. Na mimi nilikuwemo, sitadanganya.

Lakini karatasi sio kero yenyewe. Kero ilianza siku nilipokosa wateja nikaanza kusoma bidhaa yangu. Kila ukurasa "Na Mwandishi Wetu, Dodoma". Nikasema kheee, leo tumekumbukwa! Kusoma ndani, waziri amesema, mbunge amehoji, spika ameahirisha. Bunge likiahirishwa na Dodoma nayo inaahirishwa, Mwandishi Wetu anapanda SGR anarudi kwao. Mtaani kwetu Chang'ombe maji yanakatika siku nne watu tunanawa kwa jicho, kimya. Wakulima wa Hombolo wanahangaika na zabibu zao wanunuzi wanawapangia bei wanayotaka, kimya. Sasa huyo Wetu ni wetu nani, mlenda wenyewe hajawahi kuonja.

Kuna mpwa wangu yuko UDOM pale, ananiita mjomba ila karanga anakula bure, nikamweleza. Akacheka akasema mjomba, mwenye gazeti akikaa mbali, mtaro wako atauonea wapi, na wala usijione umerogwa, Marekani huko wamekoma zaidi. Akasema kule kila mji ulikuwa na gazeti lake linaandika mpaka vikao vya shule, halafu zikaja kampuni kubwa za wawekezaji zikawa zinanunua magazeti kama mtu anavyonunua mbuzi mnadani, sio amfuge, achinje. Jengo linauzwa, waandishi wanapunguzwa, kinachobaki kinakamuliwa. Kampuni moja ya New York inaitwa Alden ilikuwa na gazeti la mji wa Denver, mwaka 2018 ikatangaza kupunguza watu 30 kwenye chumba cha habari. Waandishi waliobaki wakafanyaje? Wakamwandika bosi wao kwenye gazeti lake mwenyewe! Wakamfananisha na tai wanaozunguka mzoga. Mimi hapo nilisimamisha kupima karanga. Huku kwetu mtu anaogopa hata kumwambia mwenye nyumba choo kimejaa.

Nikauliza, basi bosi akaona aibu akaacha? Mpwa akasema wapi, 2021 Alden hiyohiyo ikabeba na kampuni yenye Chicago Tribune, gazeti la tangu 1847, kwa dola zaidi ya milioni 600. Nikakaa chini kwenye ndoo. Yaani mtu wa Chicago naye anaamka haambiwi mtaani kwake kuna nini, tofauti yetu ni kwamba yeye maji yanatoka.

Sasa sikilizeni ya juzi. Kuna mama mmoja alinunua karanga za mia tano, akaenda, baada ya nusu saa karudi anahema. Nikajua tu ni jiwe kwenye karanga. Akanyoosha kile kikaratasi, kumbe ni gazeti la miaka mingi nyuma, na lina habari ya mtaa wao, wanagombea njia ya kupita, majina ya wazee anayajua, mpaka balozi yumo. Ameisoma yote kwa raha zake akafika chini imeandikwa "Inaendelea Uk. 5".

Akaniuliza, baba, ukurasa wa tano uko wapi?

Ukurasa wa tano nilikuwa nimemfungia konda wa Nkuhungu. Tukamsubiri mimi na yule mama mpaka gari likazunguka, konda anashuka namuuliza kile kikaratasi cha karanga kiko wapi kaka yangu, anasema amefutia kioo.