Saa nne ya Kongo gani?

Usaili wa nne huo, kampuni ileile ya programu ya Marekani. Wamenipangia saa nne usiku, "saa ya Kongo". Ya Kongo gani? Kinshasa iko nyuma yetu saa nzima. Kwa hiyo hapa Lubumbashi nimekaa mbele ya kompyuta tangu saa nne hadi saa tano, nikijitazama sura yangu mwenyewe.

Umeme ulishaondoka jioni. Nimemlipa jirani anivutie waya kutoka kwenye jenereta yake, nimenunua mega za intaneti, yaya amewafukuza watoto sebuleni. Kijana anatokea akipiga miayo (kwao saa nane mchana!), CV yangu hajaifungua. Ananiambia nigeuze "mti" wa matawi mawili-mawili (si mti wa shambani, ni data zilizopangwa kimatawi ndani ya programu), ya kushoto yaende kulia, niandike huku ananitazama. Miaka sita natengeneza programu za hesabu za maduka. Hakuna mwenye duka aliyewahi kuniomba mti. Nikaugeuza, ni mistari mitano tu. Akakunja uso: "Na huo mngurumo ni wa nini?" Ni jenereta, ndugu yangu.

Sisemi ile kazi ya kufanyia nyumbani, "saa mbili tu", iliyokula Jumamosi na Jumapili yangu yote.

Halafu wiki tatu kimya. Nikiuliza, mashine inanishukuru kwa kupendezwa na kampuni. Jana ndiyo wameandika: hatua ya tano, Alhamisi, saa nne usiku, saa ya Kongo.