Mgonjwa Akishatoka Wodini, Nani Anamfuata?

Kila ninaposikia utafiti wa afya umefanyika huku kwetu kusini, iwe Mtwara au Lindi, swali langu ni moja: waliwafuata watu mpaka majumbani, au waliishia kwenye daftari la hospitali?

Daftari lina kazi yake na siligombi. Ila daftari linamjua aliyefika tu. Mama aliyefariki nyumbani hayumo, wala aliyefia nyuma ya bodaboda kabla hajaiona barabara ya lami. Mwaka 2007 watafiti, Taasisi ya Afya Ifakara ikiwemo, walipita nyumba kwa nyumba katika wilaya tano za Lindi na Mtwara, kaya zipatazo 226,000, wakiuliza nani amejifungua na nani amefariki. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa vifo vinavyotokana moja kwa moja na uzazi, kama vile kutokwa na damu nyingi, vilikuwa karibu mara nne zaidi kwa wanawake wanaoishi zaidi ya kilomita 35 kutoka hospitali kuliko kwa wale walio ndani ya kilomita 5. Ungekaa hospitali ukahesabu waliofikishwa, wengi wa hao usingewaona kabisa.

Mradi mwingine ulifuata hapa hapa, wa wanawake wa vijijini waliojitolea kuwatembelea wajawazito na wazazi nyumbani na kuwashauri namna ya kumtunza mtoto mchanga. Watafiti wakarudi kuhesabu tena nyumba kwa nyumba. Wakakuta mambo kadhaa yamebadilika, kama kumnyonyesha mtoto mapema, lakini vifo vya watoto wachanga havikuonekana kupungua kwa sababu ya mradi ule. Wakachapisha hivyo hivyo. Ninawaheshimu sana kwa hilo. Wangeishia kuhesabu mikutano na vipeperushi, tungeambiwa mradi umefaulu na tungepiga makofi.

Hesabu yenyewe inadai ufuatiliaji. Kifo cha uzazi kinahesabiwa mpaka siku 42 baada ya mimba kuisha, na mtoto huitwa mchanga mpaka siku 28. Mzazi akijifungua salama zahanati anaruhusiwa mapema, kwa hiyo siku karibu zote hizo yuko nyumbani kwake.

Kwenye vyuma vya mifupa hali ni ile ile. Bodaboda zimetuvunjia vijana wengi mapaja. Lipo shirika la Marekani, SIGN, linalozipa hospitali vyuma vya kupitisha ndani ya mfupa bila malipo, na hapa nchini MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, ni miongoni mwa wanaovitumia. Chuma hicho kimebuniwa ili daktari aweze kukifunga skrubu zake bila mashine ya eksirei ndani ya chumba cha upasuaji. Hospitali nayo inatuma taarifa na picha za kila mgonjwa ndipo iletewe vyuma vingine. Picha mojawapo ninayoipenda ni ya mgonjwa aliyerudi baada ya miezi kadhaa: anaambiwa achuchumae na atabasamu, anapigwa picha. Akiweza kuchuchumaa mpaka chini bila kukunja uso, paja limepona. Kwa mtu atakayerudi kuinama kutwa nzima akiokota korosho, sijui kipimo gani kingemfaa zaidi ya hicho. Tatizo ni kwamba wengi hawarudi. Kidonda penye chuma kinaweza kuanza kutoa usaha wiki nyingi baada ya nyuzi kutolewa, ndiyo maana wataalamu wanataka kukichunguza mpaka siku 90. Asiyerudi anaandikwaje? Huenda amepona. Huenda yuko nyumbani mguu umevimba na hana nauli.

Sasa nije kwenye saratani, maana hili limenigusa. Mama yangu mdogo, mkulima wa Newala, alipata uvimbe kwenye titi. Akakatwa kinyama cha kwenda kupimwa, kikatiwa kwenye kikopo chenye formalini, dawa ya kukizuia kisioze, jina likaandikwa kwa kalamu juu ya plasta. Kazi inayofuata inataka umakini: dawa iwe nyingi, kama mara kumi ya kile kinyama, la sivyo kinaozea ndani. Na kwa titi kinatakiwa kikae humo kati ya saa 6 na 72, kwa sababu kikizidisha, vipimo vya homoni vinavyoamua mgonjwa apewe dawa gani vinaweza kudanganya. Kwa miaka mingi vikopo vya kusini vimekuwa vikipelekwa Dar es Salaam kwa barabara. Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipoikata barabara upande wa Somanga, kila kilichotegemea barabara ile kilikwama.

Majibu ya mama mdogo yalitoka, na yalikuwa sahihi. Yakakaa kwenye faili. Namba ya simu kwenye fomu ilikuwa ya mwanaye, ambaye alikuwa ameshabadilisha laini, na mama mdogo mwenyewe alikuwa amehamia shambani kwa msimu wa korosho. Sisi tuliamini kwamba kungekuwa na tatizo wangepiga. Alipokwenda kuuliza mwenyewe, msimu ukiwa umeisha, uvimbe ulikuwa umeshafika kwapani.

Kilichoniuma ni kwamba msimu ule ule chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, yaani AMCOS, kilimpata. Korosho zake zilipouzwa mnadani, AMCOS ilijua anaitwa nani, anatoka kijiji gani na fedha iingie akaunti ipi, na palipokuwa na kasoro karani alimtafuta mpaka shambani. Kumbe mtu wa Newala anapatikana, akitafutwa.

Ndiyo maana ninasema utafiti wowote unaokuja kuchukua damu, eksirei au kinyama huku kusini uanze kwa kueleza utampataje mtu huyo baada ya miezi mitatu. Fomu iwe na namba mbili za simu, jina la kitongoji, na mahali anapohamia wakati wa msimu. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii walipwe kwa kila mgonjwa waliyemfikia. Najua kuna wanaohofia siri za wagonjwa, na hofu hiyo ni ya haki. Mwenyekiti wa kitongoji hana haja ya kujua nani ana saratani. Ujumbe unaopitia kwake uwe mmoja tu, kwamba unahitajika kliniki siku fulani. Na nauli ya kwenda na kurudi iwekwe kwenye bajeti ya utafiti tangu mwanzo, kwenye fungu lake lenyewe, isifichwe kwenye mengineyo.