Magnesiamu Ndogo kwa Mgonjwa Mahututi Si Lazima Iwe Ndiyo Inayoua

Miongoni mwa mambo yaliyojirudia sana katika tafiti za wagonjwa mahututi ni hili: anayelazwa akiwa na magnesiamu ndogo katika damu yuko katika hatari kubwa zaidi ya kufa kuliko mwenzake ambaye kiwango chake ni cha kawaida. Uchambuzi mmoja wa mwaka 2016, uliojumlisha tafiti sita, ulikuta hatari hiyo ikikaribia mara mbili, na ukaonyesha pia kwamba wagonjwa hao huhitaji zaidi mashine ya kupumulia. Ni kwa matokeo ya namna hiyo kwamba katika vitengo vingi vya wagonjwa mahututi imekuwa desturi kupima magnesiamu mara kwa mara na kutundika dripu ya magnesiamu salfeti kila namba inaposhuka chini ya mstari, ambao kwa kawaida ni takriban milimoli 0.7 kwa lita. Daktari anayesita kufuata desturi hiyo huonekana mzembe, ilhali hoja zake hazijasikilizwa vya kutosha.

Wanaotibu kila upungufu hawajaanzia hewani. Magnesiamu husaidia kazi ya vimeng'enya zaidi ya 300, na bila hiyo pampu inayoingiza potasiamu ndani ya seli haifanyi kazi sawasawa. Ikipungua, figo huacha potasiamu ipotee katika mkojo, ndiyo maana mgonjwa anaweza kuongezewa potasiamu chupa baada ya chupa na namba isipande mpaka magnesiamu irekebishwe kwanza. Kalsiamu nayo hushuka, kwa sababu tezi za parathiroidi hushindwa kutoa ipasavyo homoni inayoratibu kalsiamu. Mgonjwa anapopata degedege kwa upungufu mkubwa, au moyo unapoingia katika yale mapigo ya kasi ambayo mistari yake kwenye karatasi ya ECG, kipimo cha umeme wa moyo, huonekana kama inajisokota, hupewa gramu 2 kwa mshipa mara moja, na hakuna mwenye akili timamu anayepinga.

Hata kifafa cha mimba hakina ubishi. Jaribio la Magpie, lililochapishwa mwaka 2002 na kuwashirikisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, lilionyesha kwamba magnesiamu salfeti hupunguza kwa zaidi ya nusu uwezekano wa mjamzito mwenye shinikizo la damu la mimba kupata kifafa. Lakini wanawake wale hawakupewa dawa kwa kuwa maabara ilisema magnesiamu yao ilikuwa ndogo. Walipewa kama dawa, kwa kipimo kinachopandisha magnesiamu ya damu juu ya kiwango cha kawaida. Ushindi mkubwa kuliko wote wa magnesiamu haukuhusu kabisa kuziba upungufu, na anayeutaja ili kutetea dripu ya kila asubuhi anaazima sifa ya jambo jingine.

Turudi kwenye namba yenyewe. Mwili wa mtu mzima una takriban gramu 25 za magnesiamu; zaidi ya nusu imo mifupani, sehemu kubwa ya iliyobaki imo ndani ya misuli na viungo vingine laini, na ile iliyomo katika majimaji ya damu haifiki hata asilimia moja. Tena kati ya hiyo kidogo inayopimwa, karibu robo imeshikamana na protini, hasa albumini. Mgonjwa mahututi karibu kila mara albumini yake imeshuka, kwa hiyo jumla ya magnesiamu inaweza kuonekana ndogo huku ile iliyo huru, ambayo ndiyo inayofanya kazi, iko sawa. Kinyume chake pia hutokea: damu inaonyesha 0.8, ilhali misuli imeishiwa magnesiamu kwa wiki kadhaa za kuharisha au lishe duni.

Na ni nani hasa anayekutwa na upungufu? Ni mwenye sepsisi, yaani maambukizi makali yanayodhuru viungo vya mwili, ni aliyepewa dawa za kuongeza mkojo kama furosemidi, ni aliyeharisha, ni mlevi wa miaka mingi, ni mwenye kisukari kisichodhibitiwa, ni anayetumia amfoterisini kwa sababu fangasi wamemwingia katika damu. Watu hawa wana sababu tele za kufa hata kama magnesiamu isingekuwepo katika orodha ya vipimo. Watafiti hujaribu kuziondoa sababu hizo kwa hesabu, nao hufanya hivyo kwa uaminifu, lakini hesabu huondoa tu kilichoandikwa katika faili. Ukali wa ugonjwa ambao muuguzi anauona akisimama kando ya kitanda haukai wote katika safu za takwimu. Kuipandisha namba bila kugusa kilichoishusha kunaweza kuwa sawa na kupoza kipimajoto ili kushusha homa. Magnesiamu iliyozidi nayo huandamana na vifo vingi, na hapo karibu kila mtu hukubali haraka kwamba tatizo ni figo zilizoshindwa. Ajabu ni kwamba tahadhari hiyo hiyo husahaulika namba inapokuwa ndogo.

Kisa cha shambulio la moyo kinapaswa kukumbukwa na kila anayeshughulika na suala hili. Mwaka 1991 majaribio madogo saba yalijumlishwa, na ikaonekana kwamba magnesiamu ilipunguza uwezekano wa kufa kwa zaidi ya nusu. Mwaka 1992 jaribio la LIMIT-2 lililofanyika Leicester, lenye wagonjwa 2,316, likaja na matokeo ya wastani zaidi lakini bado ya kuvutia: asilimia 7.8 walifariki katika kundi la magnesiamu dhidi ya 10.3 katika kundi jingine. Maelezo ya kibaiolojia yalikuwapo, dawa ilikuwa rahisi, madhara yalikuwa madogo. Kisha mwaka 1995 likaja ISIS-4, lenye wagonjwa 58,050, na asilimia 7.64 ya waliopewa magnesiamu walifariki, dhidi ya 7.24 ya wasiopewa. Faida yote ilikuwa imeyeyuka. Watetezi hawakukata tamaa. Walisema, na walikuwa na haki ya kusema, kwamba katika ISIS-4 dawa ilichelewa, ikatolewa baada ya mshipa wa moyo kuzibuliwa. Likaandaliwa basi jaribio la MAGIC, dawa ikatolewa mapema ndani ya saa sita kwa wagonjwa 6,213 walio katika hatari kubwa, na matokeo yalipotoka mwaka 2002 vifo vilikuwa asilimia 15.3 upande mmoja na 15.2 upande wa pili. Baadaye ilijaribiwa kwa wenye kiharusi, katika FAST-MAG wahudumu wakiianzisha mgonjwa akiwa bado ndani ya gari la wagonjwa, na hapo pia ulemavu haukupungua.

Mpinzani makini atajibu kwamba wagonjwa hao hawakuchaguliwa kwa kuwa na upungufu, na kwamba kumwongezea asiyepungukiwa hakutuambii lolote juu ya aliyepungukiwa. Hoja hiyo ni nzuri na haipaswi kupuuzwa. Majaribio hayo hayathibitishi kwamba kurekebisha 0.62 hakuna maana. Yanachothibitisha ni kwamba maelezo ya kibaiolojia yanayoridhisha, yakiungana na tafiti ndogo zenye matumaini, yaliwahi kutupotosha kuhusu madini haya haya, na msingi wa desturi ya leo katika vitengo hivi ni dhaifu kuliko ule wa mwaka 1992, kwa maana umejengwa zaidi juu ya kuwatazama wagonjwa kuliko majaribio.

Husemwa pia kwamba dripu haina gharama wala madhara. Kwa mwenye figo nzima, ni kweli kwa kiasi kikubwa, ingawa hapo pana kichekesho kidogo: kiwango katika damu kinapopanda ghafla, figo huacha kuirudisha magnesiamu mwilini, na hata nusu ya dozi iliyoingizwa haraka inaweza kuishia katika mfuko wa mkojo. Namba ya jioni inapendeza, ya asubuhi imerudi ilipokuwa, na dripu nyingine inaagizwa. Kwa mwenye figo zilizochoka mambo ni tofauti. Wauguzi wa wodi za wazazi wanajua vizuri kwa nini kabla ya dozi inayofuata hugonga goti kuona kama mguu unaruka, huhesabu pumzi, na hutazama kama mkojo umefika angalau mililita 30 kwa saa, huku kalsiamu glukoneti, dawa ya kupinga sumu ya magnesiamu, ikiwa karibu: magnesiamu ikizidi, mguu huacha kuruka na pumzi hupungua. Mgonjwa aliyelazwa usingizi na kuunganishwa na mashine ya kupumulia hawezi kutoa dalili hizo kwa urahisi.

Kwa potasiamu, swali la aina hii limeshajaribiwa. Katika jaribio la TIGHT-K, lililochapishwa mwaka 2024, wagonjwa 1,690 waliofanyiwa upasuaji wa moyo Uingereza na Ujerumani waligawanywa: wengine waliongezewa potasiamu kila iliposhuka chini ya milimoli 4.5 kwa lita, wengine ilipofika chini ya 3.6 tu. Waliosubiri hawakupata mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio zaidi ya wenzao, ingawa desturi ya kuishikilia namba juu ilikuwa imezoeleka kwa miaka mingi. Magnesiamu inastahili jaribio la muundo huo huo, likichagua walio chini ya 0.7 wasio na dalili, na kulinganisha kutibu mara moja na kusubiri mpaka kiwango kishuke zaidi.

Kwa sasa, mwenye potasiamu isiyopanda, mwenye mapigo ya moyo yaliyovurugika, mwenye degedege, au aliyeshuka chini ya 0.5, atibiwe bila kuchelewa. Aliyetulia kitandani na 0.65 anahitaji kwanza mtu apitie karatasi yake ya dawa: furosemidi bado inahitajika kwa kipimo kile kile? Omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi tumboni, ambayo mamlaka ya dawa ya Marekani ilitahadharisha mwaka 2011 kwamba yenyewe na dawa za jamii yake zikitumika kwa muda mrefu huweza kushusha magnesiamu, ilianzishwa kwa sababu gani, na sababu hiyo bado ipo?