Might, Probably na Into: Tuache Kuvifundisha Mbalimbali

Mwanafunzi wetu wa sekondari hufundishwa kwamba "can" ni uwezo, "may" ni ruhusa na "must" ni lazima. Vielezi huja mada nyingine kabisa, na orodha ya "look after", "look for", "look into" huja baadaye tena, mara nyingi ya kukariri kwa ajili ya mtihani. Kisha anaajiriwa kwenye ofisi yenye bosi Mwingereza, anapata barua pepe yenye sentensi moja: "You might want to look into this." Maneno yote anayajua. Anaelewa kwamba akipenda, labda, siku moja, alitazame jambo lile. Bosi alimaanisha alichunguze, na upesi.

Nimefundisha Kiingereza kwa miaka mingi na msimamo wangu ni huu: vitenzi visaidizi, vielezi na vitenzi vinavyoandamana na vihusishi vifundishwe pamoja, kwa sababu Mwingereza huvitamka pamoja, kwa pumzi moja. Ukivitenganisha unabaki na vipande sahihi visivyomwambia mwanafunzi kile msemaji anachotaka.

Chukua sentensi hii ya kawaida: "It should really have been dealt with earlier." Sisi tungesema, "Kwa kweli lilipaswa kushughulikiwa mapema." Tazama "kushughulikiwa". Kushughulika ni kuwa na shughuli. Kushughulikia ni kuwa na shughuli juu ya jambo fulani. Kushughulikiwa ni jambo hilo kufanyiwa kazi. Kauli ya kutendea imeshabeba kihusishi ndani ya kitenzi, ile kazi ambayo Kiingereza kimeikabidhi "with". Mwalimu akianzia hapo, mwanafunzi anaona kwamba hajaletewa kitu kigeni. Anakifanya kila siku, ila sisi tunakificha ndani ya neno na wao wanakiacha nje.

Hapo ndipo makosa yetu mengi yanapoeleweka. "She can always be relied on" huandikwa na wanafunzi wengi bila "on", kwa kuwa "anategemewa" imejitosheleza na haihitaji mkia. Tunasema "discuss about" kwa sababu tunajadiliana kuhusu jambo. Tunasema "I will pick you at four" bila "up" kwa sababu kumchukua mtu ni kitenzi kimoja tu. Na "cope up with", badala ya "cope with", imeenea Nairobi hadi Dar es Salaam kiasi kwamba wataalamu wanaoeleza Kiingereza cha Afrika Mashariki huitaja kama sifa yake. Sioni haya kuwa ni ujinga. Ninachotaka ni mwanafunzi ajue kwamba akiandika maombi ya chuo huko Leeds, msomaji wake atayaona kuwa ni makosa.

Sasa kielezi, ambacho ndicho kinachonikera zaidi kwa jinsi tunavyokipuuza. Kanuni ya jumla ni rahisi: kielezi kama "probably" hukaa baada ya kitenzi kisaidizi cha kwanza, "The price will probably depend on the season." Ukikanusha, kinarudi nyuma: "It probably won't depend on us." Hayo vitabu husema. Kisichosemwa ni kwamba kielezi kikihama, maana nayo huweza kuhama. Mtu akikuandikia kuhusu mfanyakazi wako mtarajiwa, "I really can't rely on him," amekwambia hamtegemei kabisa. Akiandika "I can't really rely on him," amekwambia kwamba hawezi kumtegemea sana, kuna mipaka. Maneno ni yale yale sita na jina la mtu limo hatarini. Nikiziweka sentensi hizo mbili ubaoni, darasa huanza kubishana, na ubishi huo ni somo zuri kuliko orodha yoyote.

Ndivyo ilivyo pia "may" na "may well". "It may come down to money" ni uwezekano tu; "It may well come down to money" ni mtu anayeamini kwamba mwishowe ni suala la fedha. "We might as well get on with it" haifasiriki neno kwa neno hata kidogo. Ni kile tunachosema, "Basi tuendelee nayo tu." Kazi yote ya "might as well" imefanywa na "basi" na "tu". Sisi tuna vineno vyetu vya kulegeza na kukaza, na Mwingereza ana vyake.

Hili linagusa adabu. Heshima ya Kiswahili imo katika shikamoo, katika "mama" na "mzee", katika "naomba" na "samahani". Kiingereza cha leo hakina shikamoo, kwa hiyo mzigo mkubwa wa adabu umebebwa na "could", "would" na "might", pamoja na "possibly", "just" na "perhaps". "Could I possibly ask for a few more days?" ni ombi la mtu mwungwana. "I request for more days" imeandikwa na mtu mwungwana vilevile, lakini anayeisoma hamwoni. Daraja tunalo: "ningeomba" na "ningependa" hufanya kazi ile ile, kwa kulisogeza jambo mbali kidogo na hapa na sasa ili msikilizaji asijisikie kubanwa. Mtoto anayejua kusema "ningeomba maji" ameshaelewa "would".

Hata historia inatusaidia. "Will" ilianza kama kutaka, na "-ta-" yetu ya wakati ujao inatokana na "taka", ambayo bado inachungulia katika "atakayekuja". "Can" ilikuwa kujua. Lugha mbili zisizo na undugu zilipita njia moja, na sijui kwa nini tunawanyima wanafunzi furaha ya kuliona hilo.

Vitabu vyetu navyo havijafuata mabadiliko. Mwanaisimu Geoffrey Leech alilinganisha maandishi ya Kiingereza ya mwaka 1961 na ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, ya Uingereza na ya Marekani, akakuta "shall", "must" na "may" zimepungua sana. "Have to" na "need to" ndizo zinazosikika zaidi katika mazungumzo. Bado nakutana na mazoezi yanayotumia ukurasa mzima kwa "shall" na "will", halafu "need to" haitajwi.

Mabadiliko ninayoyataka hayahitaji fedha. Badala ya kumpa mwanafunzi nafasi ya kujaza "on" au "in", mpe ujumbe mkali, "You must deal with this," umwambie auandike mara ya pili kwa mwajiri wake, na mara ya tatu kwa rafiki aliyefiwa. Atalazimika kuchagua kitenzi kisaidizi, kielezi na mahali pa kukiweka, huku "with" ikibaki palepale. Akishindwa mara ya kwanza, mwombe aseme kwanza kwa Kiswahili angemwambia nini rafiki huyo.